Vitabu Walivyosahau Wageni

Houston, 12 Novemba 2017

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Ni mimi Godelieve, mdogo wake Vital. Ulinifundisha darasa la tano kule kwenye kambi ya wakimbizi, ukanikalisha benchi la mbele kwa sababu ya utukutu. Anwani yako nimepewa na padri baada ya Misa ya Kiswahili. Ameniambia kwamba uko Dallas, mtaa wa Vickery Meadow, kwamba simu huisikii vizuri, na kwamba barua huiachi bila kuijibu.

Sisi tuko hai. Mafuriko ya Agosti yalipanda ndani ya nyumba hadi usawa wa kitanda. Tulitoka salama, lakini sanduku la karatasi lilikaa majini siku nne, na ripoti zote za shule za Vital zikageuka uji.

Nafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja katikati ya mji. Wageni ni watu wa mikutano, wanasahau chaja, miwani na vitabu. Kitu kikikaa stoo siku tisini bila mwenyewe kukidai, hupewa aliyekiokota. Wenzangu hawataki vitabu. Hiki nimekichukua kwa ajili yako, maana kinahusu siasa za hapa Marekani na waandishi wa habari, nikakumbuka gazeti letu la ukutani. Karatasi iliyo katikati ni tiketi ya ndege ya mgeni. Aliishia hapo.

Nina ombi. Vital anataka kusomea ufundi wa viyoyozi. Kwa miaka kumi amekuwa akibeba maboksi ghalani, na mgongo unaanza kulalamika. Chuo kinataka uthibitisho wa masomo ya nyuma. Karani amesema kwamba, kwa kuwa vyeti vimeharibika, watakubali barua ya mwalimu aliyemfundisha, yenye saini. Naomba uandike kwamba Vital alimaliza darasa la saba. Mistari mitatu inatosha.

Mwanafunzi wako,
Godelieve

Dallas, 3 Desemba 2017

Mwanangu Godelieve,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa kalamu nyekundu. Makosa ni manne. Sikurudishii, kwa sababu sasa wewe ni mtu mzima.

Nakushukuru kwa kitabu. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyewahi kunitumia kitabu, watu hunipa makoti. Nimekisoma kwa wiki mbili, kamusi ikiwa mkono wa kulia na mjukuu wangu Ella mkono wa kushoto. Ana miaka tisa. Nikimuuliza kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, kisha hutaka kujua kwa nini nasoma habari za watu wanaogombana.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwandishi ameingia katika ofisi za wakubwa wa Washington na kusikiliza mengi, lakini kila ukurasa nakutana na "afisa mmoja aliyeomba jina lake lisitajwe". Nilianza kuwahesabu maafisa hao, nilipofika arobaini na saba nikaacha. Mtu aliyeona jambo na aliseme kwa jina lake. Asiyetaja jina ananiuzia uvumi. Jirani yangu Kathure, muuguzi kutoka Meru anayeishi ghorofa ya juu, hakukubali. Aliniambia, "Mzee, wewe inaonekana hujawahi kuwa na bosi." Nikamjibu kwamba nimewahi kuwa na mwenyekiti wa kambi. Mgeni wako alifanya haraka kuacha ukurasa wa 61. Mwandishi anaanza kusema jambo la maana ukurasa wa 80.

Kuhusu barua ya Vital, siwezi. Vital hakumaliza darasa la saba. Aliondolewa shuleni muhula wa kwanza kwa uamuzi wa kamati. Sijawahi kutia saini chini ya jambo lisilotokea, na sitaanza katika uzee. Msalimie.

Tharcisse

Houston, 18 Februari 2018

Mwalimu,

Shikamoo. Nilimsomea Vital barua yako akiwa anakula. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Akasema, "Mwalimu hajabadilika. Siku akifika mbinguni atamsahihisha hata Mtakatifu Petro pale mlangoni." Halafu akaniambia niache kukusumbua.

Mimi siachi. Nimekosea kuomba uandike kwamba alimaliza. Andika alipofikia. Lakini ukiandika kwamba aliondolewa, andika pia kwamba karatasi ile ya gazeti la ukutani haikuwa na uongo. Unakumbuka kopo la kupimia mafuta ya mgawo? Kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani, kila familia ikawa inapata pungufu. Karatasi ilisema hivyo tu. Wewe mwenyewe uliibandika ubaoni, na baada ya miezi mitatu yakaletwa makopo mapya. Lakini Vital alikuwa ameshafukuzwa kwa kuiandika, ana miaka kumi na sita, akapelekwa kukata kuni.

Mpaka leo sijaambiwa nani alimtaja kwa mwenyekiti. Mimi najua ni Melania, binti wa jirani yetu. Alikuwa akishinda kwao mwenyekiti akisuka mikeka na binti zake. Niliacha kusema naye wiki ile ile. Sasa anaishi Haltom City, karibu na kwako, na tukikutana kwenye harusi za Warundi napita kama sijamwona.

Kitabu hiki ni chembamba. Mgeni aliacha alama ya kahawa kwenye jalada, nimefuta nilivyoweza.

Godelieve

Dallas, 8 Aprili 2018

Mwanangu Godelieve,

Marahaba. Makosa ni mawili. Unaendelea vizuri.

Kitabu hiki kimenipendeza kuliko cha kwanza. Mwandishi ni mzee aliyehariri gazeti la mji mdogo kwa miaka thelathini, akaandika habari za barabara mbovu, bodi ya shule na mabomba ya maji, hadi gazeti likafungwa. Hajisifu. Anasema kwamba baada ya gazeti kufa, diwani mmoja alijenga uzio katika ardhi ya watu wote na hakuna aliyejua hadi uzio ulipokamilika. Nilisoma sura hiyo nikiwa nimesimama, sijui kwa nini. Hapa watu hufikiri siasa ni televisheni. Mzee huyu anajua kwamba siasa ni bomba.

Nilikumbuka ubao wetu. Ulikuwa mlango wa choo kilichobomoka, niliusugua kwa majivu siku mbili. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo, na mbuzi wa jirani walipenda gundi hiyo kuliko wasomaji walivyopenda habari. Nashukuru kwamba mmoja wa wasomaji wale bado ananikumbuka.

Usimfikirie Melania vibaya. Alikuwa msichana mwaminifu.

Ella ameniomba nikuulize kama wageni huwa wanasahau pia vitabu vyenye picha.

Tharcisse

Houston, 30 Septemba 2018

Mwalimu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na mikutano mfululizo na vyumba kumi na sita kwa siku kwa kila mtu. Cha Ella kimo ndani, kina tembo. Chako ni kile kinene. Mgeni huyu alikisoma chote na kupiga mistari kwa penseli. Nimekisoma kidogo kwenye basi. Kinazungumzia waandishi wa habari wanaolinda majina ya watu waliowaamini. Nimekuchagulia makusudi, kwa sababu ya wale maafisa wako arobaini na saba. Labda utawasamehe.

Umeniambia nisimfikirie Melania vibaya. Nimejaribu. Lakini mtu alimtaja kaka yangu, na mtu huyo ana jina.

Vital ametenguka bega kazini, amepumzishwa wiki mbili. Anasoma kijitabu cha viyoyozi akiwa kitandani. Muhula wa chuo unaanza Januari, na mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 15. Mstari mmoja wako ungetosha, Mwalimu, hata kama ni mkali.

Godelieve

Houston, 16 Desemba 2018

Mwalimu,

Shikamoo. Ni wiki kumi na moja tangu nikuandikie, na hujanijibu. Nilipiga simu, akapokea Kathure. Amesema huumwi, kwamba unakwenda maktaba kila asubuhi kwa miguu na kurudi mikono mitupu, na kwamba amekukuta mara mbili umekaa na kitabu kilichofungwa. Kama nimekukosea kwa kukusukuma, naomba radhi. Sitataja tena habari ya barua. Vitabu nitaendelea kuleta.

Godelieve

Dallas, 27 Desemba 2018

Godelieve,

Hukunikosea. Tafadhali keti kabla ya kuendelea.

Kitabu chako nilikimaliza mwezi wa kumi. Kuna sura ya mwandishi aliyewekwa rumande wiki saba kwa kukataa kutaja jina la karani aliyempa habari. Si mtu wa kupendeza, anajisifu, na maelezo yake ni marefu kupita kiasi. Lakini alikaa rumande na hakutaja. Mgeni wako alipiga mstari chini ya maneno hayo, nami nikafunga kitabu, na kwa siku kumi sikukifungua.

Unakumbuka sanduku la maoni lililokuwa chini ya ubao. Juu yake niliandika kwa mkono wangu: Jina la mwandishi halitatajwa. Asubuhi baada ya kubandika ile karatasi ya kopo, mwenyekiti alikuja darasani kabla ya kengele. Alinitaka nichague, nitoe jina au ubao ung'olewe siku ile. Karatasi haikuwa na jina, lakini mwandiko niliujua. Nilikuwa nimemfundisha Vital kuandika tangu akiwa darasa la pili. Nikamtaja. Haikuchukua muda wa kumeza mate.

Nilijiambia kwamba nimeokoa gazeti. Ubao ulibaki miaka miwili zaidi, nami nikabandika matangazo ya chanjo na ratiba ya mpira. Hakuna aliyetia tena karatasi ndani ya sanduku. Wewe ulipomwonea Melania, niliwaona mkipishana kisimani bila kusalimiana. Nilikuwa na maneno ya kuwapatanisha, nikayameza.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba Vital aliondolewa "kwa uamuzi wa kamati". Sentensi hiyo haina kosa hata moja. Ndiyo mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nimewahukumu watu arobaini na saba kwa kuficha majina yao. Walikuwa na sababu. Huenda walikutana na mtu kama mimi. Mwambie Vital. Asipotaka barua kutoka kwangu, nitaelewa. Akiitaka, nitaiandika siku hiyo hiyo.

Tharcisse

Houston, 4 Januari 2019

Mwalimu,

Shikamoo. Niliisoma barua yako kwenye ngazi za stoo ya mashuka, kwa sababu uliniambia niketi.

Mwandiko ule ulikuwa wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alinituma kupokea mafuta, nikaingiza vidole ndani ya kopo na kugusa kitako kilichobonyea. Nilichana karatasi kwenye daftari la Vital, nikaandika nimekaa nyuma ya kibanda, Vital akanikuta namaliza. Walipomwita mbele ya kamati alisema neno moja tu, "Sawa." Jioni akaniambia kwamba nikifungua mdomo hatanisamehe maisha yake yote. Nikaufunga. Nikamaliza shule. Kila barua ninayokuandikia, naiandika kwa miaka aliyonipa yeye.

Wewe ulidhani umeutambua mwandiko. Mwalimu, ulitufundisha sote mwandiko mmoja. Mkia wa herufi ukizidi mstari, rula ilikuwa vidoleni. Tulikuwa watoto arobaini na tuliandika kama mtu mmoja, na mtu huyo ulikuwa wewe. Ungeweza kumtaja yeyote kati yetu na usingekuwa na shaka.

Nilikukasirikia kutoka chumba 601 hadi chumba 614. Halafu nikafikiri juu ya Melania. Wewe ulimtaja asiyehusika mara moja, ukiwa umeshikwa. Mimi nimemhukumu asiyehusika kwa miaka kumi na minane, na sikushikwa na mtu.

Vital nimemsomea yote. Hakucheka safari hii. Alisema, "Mwambie aandike."

Zimebaki siku kumi na moja.

Godelieve

Dallas, 9 Januari 2019

Mwanangu,

Nilitoa barua zako zote nikaziweka mezani karibu na daftari langu la zamani. Ella alizitazama akaniuliza kwa nini najiandikia barua mwenyewe.

Nimeandika yafuatayo. Kathure amenitafsiria kwa Kiingereza na kupiga chapa, na zote mbili nimezitia saini. Alitaka kuilainisha sentensi ya nne. Nilikataa.

"Kwa yeyote anayehusika. Nilimfundisha Vital kusoma, kuandika na hesabu kwa miaka sita. Alifika muhula wa kwanza wa darasa la saba na alikuwa wa kwanza katika hesabu. Hakumaliza. Aliondolewa kwa sababu mimi nilimtaja kuwa ametenda jambo ambalo hakulitenda, na ambalo halikuwa kosa. Alijua nani aliyelitenda, akanyamaza ili mwingine asome. Mkimpa nafasi atamaliza."

Jina la mwandishi wa karatasi sikulitaja. Niliahidi hivyo juu ya sanduku.

Tharcisse

Houston, 3 Februari 2019

Mwalimu,

Shikamoo. Karani aliisoma barua yako, akaisoma tena, akavua miwani. Alimwambia Vital kwamba kwa kawaida barua hizi humsifu mwanafunzi na kumwacha mwalimu salama. Kisha akagonga muhuri. Vital ameanza tarehe 22, jioni tatu kwa wiki. Amejinunulia begi la shule, ana miaka thelathini na minne, na analitundika mlangoni kama mtoto wa darasa la kwanza.

Asante. Sina neno jingine, na hili nina hakika halina kosa.

Godelieve

Dallas, 2 Juni 2019

Mwanangu Godelieve,

Marahaba. Nilikwenda Haltom City kwa treni mbili na basi moja, nikamweleza Melania mlangoni, kwa kuwa niliona si haki kuketi kabla ya kusema. Alinisikiliza hadi mwisho. Yeye alidhani ulimwacha kwa sababu baba yake alikuwa mlevi na mliona aibu kuonekana naye. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimlaumu marehemu. Kisha akanipa chai na kunitaka nikuletee namba yake ya simu. Imo nyuma ya karatasi hii. Alisema piga Jumapili, siku nyingine yuko kiwandani.

Kitabu chako cha mtangazaji wa televisheni sikukipenda. Katika kurasa mia tatu anasimulia uchaguzi mmoja, na anayeonekana sana ndani yake ni yeye mwenyewe. Kathure amekiazima, anasema nina wivu. Hata hivyo nimeandika maoni yangu kwa mistari kumi na kuyabandika katika chumba cha mashine za kufulia, ambako watu wa jengo letu husubiri dakika arobaini bila la kufanya. Msimamizi aliniruhusu ubao mdogo. Siku ya tatu nikakuta mtu amejibu chini yake kwa Kiswahili cha Kongo kwamba sikukielewa kitabu. Nilifurahi nikakosa usingizi wa mchana.

Chini ya ubao nimeweka sanduku. Juu yake nimeandika maneno yale yale.

Tharcisse

Houston, 19 Aprili 2020

Mwalimu,

Shikamoo. Hoteli imefungwa tangu Machi kwa sababu ya ugonjwa huu. Hakuna wageni, kwa hiyo hakuna anayesahau kitu. Hiki ni cha mwisho katika stoo yangu. Usitoke kwenda maktaba, nayo imefungwa, Kathure ameniambia umekwenda kujaribu mlango. Yeye anakesha wodini na hawezi kukulinda na wewe.

Melania hunipigia kila Jumapili. Tunaongea mpaka simu inapata moto.

Vital alipata cheti chake Desemba, unajua. Sasa hapumziki. Joto la Houston halijui ugonjwa.

Godelieve

Houston, 2 Agosti 2020

Mwalimu,

Shikamoo. Ni Vital. Hii ni barua yangu ya kwanza tangu darasa la saba, kwa hiyo weka kalamu nyekundu mbali hadi nimalize.

Godelieve hajui jambo hili, na sasa unaweza kumwambia. Siku ile kamati iliponiita, mwenyekiti mwenyewe aliniambia kwamba ni wewe uliyenitaja. Nilijua tangu saa ile. Sikumwambia mdogo wangu. Nilimwacha aendelee kumshuku Melania, na hilo nimelitubu. Lakini yeye alikuwa anakupenda kama baba. Angejua kwamba ni wewe asingekanyaga tena darasani kwako, na tungekuwa wawili tunakata kuni. Nilitaka mmoja wetu amalize. Alimaliza kwako, na ulimfundisha vizuri. Kwa hilo nilikushukuru hata miaka ile niliyokuwa nakuchukia.

Chuki iliisha nilipoisikia ile barua ya chuo. Godelieve aliisoma kwa sauti kwenye maegesho, kabla hatujaingia kwa karani. Nilimwomba airudie sentensi ya nne.

Ella amenipigia simu kwamba kiyoyozi chenu hakipozi na mwenye nyumba haji. Nitakuja Jumamosi na vifaa vyangu. Utakaa nje kivulini wakati nafanya kazi, barakoa ikiwa puani, si kidevuni. Hilo ni agizo, na usilisahihishe.

Nimekisoma kile kitabu chembamba cha mhariri wa mji mdogo, ulichomrudishia Godelieve. Nakubaliana na wewe kuhusu bomba. Nakubaliana na Kathure kuhusu wale arobaini na saba. Maoni yangu yamo katika karatasi ya pili, mistari kumi na miwili, pamoja na mistari mitatu kuhusu wenye nyumba wasiotengeneza viyoyozi mwezi wa Agosti. Usiitie ndani ya sanduku. Ibandike ubaoni wazi.

Jina langu litaje.

Vital